Upande wa Pili wa Meza ya Kura

Haya ni maneno niliyowaambia ndugu zetu wa Houston kwenye mkusanyiko wao. Baadhi yao waliniomba niyaandike ili na wasiokuwepo wayasome. Nimeyaacha kama nilivyoyasema, isipokuwa utani wa Simba na Yanga nimeuondoa kwa ajili ya kulinda amani.

 

Nimetoka Arlington leo asubuhi, mwendo wa karibu saa nne kwa barabara ya 45, na kama ilivyo ada nimesimama Buc-ee's ya Madisonville, kwa hiyo mkiniona nina nguvu mjue ni ile nyama kavu yao inayozungumza. Waandaaji walinipigia simu wakaniomba nije nizungumzie uchaguzi wa nyumbani. Nikawaambia, jamani, uchaguzi wa nyumbani tumeuzungumza mpaka sauti zimekauka. Tunaujadili usiku kucha, asubuhi tunaingia kazini na macho mekundu, na ndani yake hatuna hata kura moja. Mtanzania aliyeko nje ya nchi hapigi kura akiwa huko nje, na aliyechukua uraia wa hapa ameupoteza ule wa kwao, habari ya uraia pacha mnaifahamu sina haja ya kuwachosha nayo. Mkenya ana afadhali, katiba ya 2010 ilimpa uraia pacha, na 2022 Marekani ikawekewa vituo vya Wakenya. Lakini Texas haikupata hata kimoja. Wa Dallas na wa Houston walitakiwa wapande ndege wakapige kura.

Kwa hiyo nimeomba ruhusa nizungumzie uchaguzi wa hapa. Na sio ule mkubwa wa rais ambao hata paka wa jirani anaujua. Nazungumzia huu mdogo, wa diwani wa mji, wa bodi ya shule, wa wilaya ya maji. Tena sizungumzii kupiga kura, hilo wengine wamelisema. Nazungumzia kukaa upande wa pili wa meza, kuwa yule mtu anayekupokea, anayetazama kitambulisho chako na kukupa karatasi.

Najua tayari kuna mtu anasema moyoni, huyu ameapa kiapo cha Wamarekani, sasa kaja kutuuzia Umarekani. Ndugu yangu, subiri kidogo.

Nianze mbali. Mwaka 1995 nilikuwa kijana nasoma Dar es Salaam, mimi mtoto wa Kigoma, na chama kimoja kikanipa uwakala kwenye kituo cha Temeke. Chama gani haina umuhimu leo, na wanaonijua wanajua. Ilikuwa Jumapili, tarehe 29 Oktoba, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu vingi virudi. Tulifika alfajiri. Watu walikuwa wameshapanga foleni, wengine wameweka mawe kushika nafasi. Saa moja ikafika, hakuna vifaa. Saa nne, hakuna. Mchana jua likawaka, vifaa vikaja nusunusu, hiki kipo kile hakipo, na jioni watu bado wamesimama. Mnaokumbuka mnakumbuka, matokeo ya majimbo yote saba ya Dar es Salaam yalifutwa, tukarudia tarehe 19 Novemba, na safari hiyo foleni ya kituoni kwetu ilikuwa fupi ya kusikitisha.

Lakini ninachotaka kuwaambia ni habari ya karani wa pale. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Hakuwa na gari la kuleta vifaa wala simu ya kuulizia viko wapi. Alikuwa na meza na daftari tu. Na watu wote walimmiminia hasira zao yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Mimi, wakala wa chama, kijana msomi, nilisimama mbele ya foleni nikamwita mwizi. Nilisema kwa sauti ili wote wasikie. Yule mzee aliinua macho, akanitazama, halafu akaendelea kupanga karatasi zake. Sikumwomba radhi, na sikumwona tena.

Miaka ishirini na nane baadaye, Mei 2023, nikakaa kwenye meza kama ile.

Ilikuwaje? Kwa kweli haikuwa uzalendo. Nilikuwa nimekwenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti kubadilisha anwani, nikakuta tangazo ukutani kwamba wanatafuta makarani. Nikauliza masharti nikidhani nitaambiwa lete digrii. Kumbe la hasha. Uwe mpiga kura uliyejiandikisha, maana yake lazima uwe raia. Usiwe mgombea, usiwe ndugu wa karibu wa mgombea aliyemo kwenye karatasi ya siku hiyo wala mwajiriwa wake, usiwe na cheo cha kuchaguliwa, usiwe umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi. Basi. Unajaza fomu, unaitwa kwenye mafunzo ya saa chache, unapangiwa kituo. Mkuu wa kituo anaitwa jaji, lakini asikutishe, si jaji wa mahakama, ni jirani yako aliyestaafu posta. Ana msaidizi wake, na kwa kawaida hao wawili wanatoka vyama viwili tofauti ili wachungane. Chini yao ndio makarani. Posho ipo, inahesabiwa kwa saa, na nisiwadanganye, ovataimu ya hospitali inalipa vizuri zaidi.

Na hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wenye kadi ya kijani. Tafadhali, kama hujaapa uraia usijiandikishe kupiga kura, hata kama mtu wa kwenye dirisha la leseni amekusukumia fomu. Kule kwetu Tarrant, mwaka 2017, mama mmoja aitwaye Rosa Maria Ortega, mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu, alihukumiwa kifungo cha miaka 8 kwa sababu alikuwa amepiga kura bila kuwa raia. Alijitetea kwamba hakuelewa tofauti. Miaka minane, jamani. Lakini wewe ambaye hujaapa huenda una kijana nyumbani aliyezaliwa hapa. Sheria ya Texas inamruhusu mwanafunzi raia, kuanzia miaka 16, awe karani kwa ridhaa ya mzazi na ya mkuu wa shule, na siku hiyo shule inamruhusu. Hata kama Kiswahili chake ni cha kuombea maji, mwacheni aende, mtaona baadaye kwa nini nasema hivi.

Siku yenyewe inaanza kabla ya jua. Mnafika saa kumi na mbili, mnakula kiapo, na kazi ya kwanza, ndugu zangu wabeba boksi, ni kubeba boksi! Nilicheka peke yangu. Mnapanga mashine, mnapima futi 100 kutoka mlangoni ili wapiga debe wasivuke, mnazima simu. Halafu mashine inachapa mkanda wa karatasi unaoonyesha kila mgombea ana sifuri. Mnausoma na unasainiwa, na kama kuna waangalizi wa vyama nao wanasaini. Ule mkanda wa sifuri mimi naupenda kuliko kitu chochote katika siku nzima. Kule Temeke tulifunua sanduku likaonyeshwa kwa watu kwamba ni tupu, na hii ni jambo lile lile. Saa moja kamili mlango unafunguliwa, na unafungwa saa moja jioni, ila aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo anapiga kura hata kama itafika saa nne usiku.

Mpiga kura anakuja, anaonyesha kitambulisho chenye picha. Viko vya aina saba, na ningependa mkumbuke kimoja: hati yako ya uraia yenye picha, ile uliyopewa siku ya kiapo ukaiweka chini ya godoro, inakubalika. Unaangalia jina kama limo kwenye daftari. Na hapa ndipo sisi tunapopata shida, kwa sababu Mswahili ana jina lake, la baba na la babu, wakati fomu za hapa zinataka la kwanza, la kati na la ukoo. Matokeo yake mtu mmoja ana majina matatu yaliyopangwa namna tatu, leseni inasema hivi, hati inasema vile, daftari la wapiga kura lina lake. Sheria inasema majina yakifanana kwa kiasi kikubwa, mtu anatia alama kuthibitisha kwamba ni yeye, anapiga kura. Lakini ni nani anayeamua kama yamefanana? Ni yule aliyekaa kwenye meza. Kwa mtu asiyejua majina yetu, jina la babu likitangulia anaona watu wawili. Mimi naona mtu mmoja, tena naweza kukuambia anatoka pwani au bara.

Huo ndio uzito wa meza, na nyinyi wa Houston mngepaswa kuujua kuliko sisi wa Dallas, kwa sababu kesi kubwa kuliko zote ya jambo hili ilitoka hapa hapa. Mwaka 1940 daktari wa meno mweusi wa mji huu, Lonnie Smith, alikwenda kupiga kura ya mchujo ya chama cha Democrat. Wakati ule Texas ilikuwa ya chama kimoja, na sisi tunaelewa maana ya hilo, ukishinda mchujo umeshashinda. Chama kilisema mchujo ni wa wazungu tu. Sasa, hakuja gavana kumzuia wala hakuja polisi. Alimzuia jaji wa kituo aitwaye Allwright, mtu wa kwenye meza, aliyekataa kumpa karatasi. Ndio maana kesi ikaitwa Smith na Allwright, mpiga kura na msimamizi wa kituo. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall, na tarehe 3 Aprili 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mchujo wa wazungu tu ni haramu. Marshall huyo huyo mwaka 1960 alikwenda London, Lancaster House, kuwa mshauri wa ujumbe wa Waafrika wa Kenya, akawasaidia kuandika haki za raia kwa ajili ya katiba. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mambo ya hapa hayatuhusu, mwambie yameshavuka bahari zamani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Sijawahi kulisema mbele ya watu, mke wangu ndiye anayelijua.

Ile Mei 2023, Jumamosi ya tarehe 6, nilipangiwa kituo katika kaunti mojawapo ya kwetu, sitaitaja. Uchaguzi wa madiwani na bodi ya shule, na watu walikuja mmoja mmoja kama wateja wa duka la kijijini. Kama saa nne hivi akaingia mama mtu mzima, kitenge, kilemba, sweta juu. Peke yake. Aliyemleta alimshusha akaenda zake. Alikuwa ameshika hati ya uraia ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Ni wale Warundi waliokimbia 1972, wakakaa ukimbizini miaka thelathini na zaidi, na kuanzia 2007 Marekani ikawachukua kwa maelfu kutoka kambi za Kigoma na Ngara. Wengine waliletwa Fort Worth, wengine Dallas, wengine hapa kwenu. Mtu aliyezidi miaka 55 na amekaa kihalali miaka 15 anaruhusiwa kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake, kwa hiyo anaweza kuwa raia kamili, amejibu maswali ya katiba na historia yote sawasawa, na bado Kiingereza kikawa hakipandi.

Hakuja kwenye meza yangu. Alikwenda kwa karani wa pembeni yangu, binti mzuri tu, mpole. Majina yalikuwa yamepinduka. Binti akauliza jina, akauliza kama bado anakaa anwani ile ile, kama utaratibu unavyotaka. Mama hakuelewa. Binti akarudia polepole, halafu kwa sauti kubwa zaidi, mnajua wanavyofanya. Mama akasema, nusu kwa sauti, kwa Kiswahili cha Kigoma, Kiswahili cha nyumbani kwetu kabisa: "Ananiuliza nini huyu?"

Nikanyamaza.

Kwenye mafunzo tulisomewa kwamba afisa wa uchaguzi akiwa kazini hatatumia lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Hivyo ndivyo nilivyosikia na ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu. Ilikuwa siku yangu ya kwanza. Mimi peke yangu ndiye mweusi mwenye lafudhi pale ndani. Nikawaza, nikianza kuongea lugha wasiyoielewa na mpiga kura, mtu atasema ninamwelekeza amchague nani. Nikainamisha kichwa nikapanga kalamu. Zile kalamu zilikuwa zimepangwa vizuri tayari. Baada ya kama dakika kumi yule mama alirudisha hati yake kwenye plastiki, akaikunja, akasema "asante", akatoka. Hakuna aliyemfukuza. Binti alikuwa anatafuta jaji aje asaidie, aligeuka akakuta kiti kitupu. Nilipopata nafasi ya kutoka nje hakukuwa na mtu kwenye maegesho.

Usiku ule nilifungua sheria yenyewe. Sheria ya Uchaguzi ya Texas, kifungu cha 61.031. Aya ya kwanza inasema kama nilivyosikia, Kiingereza tu. Aya ya pili, mstari unaofuata, inasema kama mpiga kura hawezi kuwasiliana kwa Kiingereza, afisa anaweza kuongea naye kwa lugha wanayoielewa wote wawili. Lugha YOYOTE. Kikurya, Kirundi, Kiswahili. Mkalimani wake ningekuwa mimi mwenyewe, kwa mujibu wa sheria, na nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Sikuwa Allwright, sikumnyima mtu karatasi. Lakini aliondoka bila kura vile vile.

Nikaanza kusoma, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Nikakuta kwamba sheria ya haki za kupiga kura ya hapa Marekani, tangu marekebisho ya 1975, inazilazimisha kaunti zenye watu wengi wa lugha fulani kuchapisha karatasi za kura kwa lugha hiyo. Ndio maana nyinyi wa Harris mnaona Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Lakini sheria imetaja makundi yake: Kihispania, lugha za Asia, lugha za wenyeji asilia wa Marekani na Alaska. Afrika haimo. Hata tukijaa Alief yote mpaka tumwagikie Sugar Land, hakuna idadi itakayotuletea karatasi ya kura ya Kiswahili kwa sheria ilivyo. Yaani lugha yetu kituoni inaweza kuingia kwa njia mbili tu, kwa mdomo wa karani, au kwa mdomo wa mtu uliyekuja naye.

Na huyo uliyekuja naye pia ana historia yake. Mwaka 2014, kaunti ya Williamson, mama wa Kihindi aitwaye Mallika Das alikwenda kupiga kura na mwanawe. Mama alikuwa anajua Kibengali, Kiingereza hakikumtosha. Kijana akasema mimi ni mkalimani wake. Akaulizwa, umejiandikisha kaunti gani? Akataja ya jirani. Akakataliwa, kwa sababu sheria ya Texas ilitaka mkalimani awe amejiandikisha kaunti ile ile ya mpiga kura. Chama cha Wamarekani wenye asili ya Asia cha hapa Houston, OCA, kilikwenda naye mahakamani, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema sharti hilo linapingana na sheria ya nchi, kwamba mtu anayehitaji msaada kwa sababu hawezi kusoma karatasi ana haki ya kumchagua amtakaye amsaidie, ilimradi asiwe mwajiri wake au mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Mama Das alikuwa ameshafariki. Msaidizi anaapa na kujaza fomu, kwa hiyo ukimpeleka mama yako, nenda na kitambulisho na muda wa kutosha.

Yule mama wa kitenge nilimtafuta. Warundi wa kwetu hawapotei, ukiuliza kanisa la pili umefika. Nilikwenda kwao na sukari na majani ya chai, nikajieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nilikuona. Nilisoma jina lako hapo kifuani." Makarani tunavaa beji, na jina langu mtu aliyekaa Kasulu siku mbili anajua ni la wapi. "Nilijua wewe ni mtu wa kwetu. Nikasema moyoni, labda hapa hawaruhusiwi kutuongelesha, nisije nikamharibia kazi."

Alitoka nje ili kunilinda mimi.

Novemba ile kulikuwa na kura ya maswali kumi na manne ya katiba ya jimbo. Alikuja kituoni kwangu, kaunti ile inamruhusu mtu kupigia kituo chochote, na nilimwongelesha Kiswahili kuanzia "shikamoo". Jaji aliinua uso, nikamwonyesha aya ya pili, nilikuwa nimeichapa na kuiweka mfukoni. Akaisoma, akasema sawa. Kazi yangu iliishia mezani, yaliyomo kwenye kituturi ni yake. Alikaa muda mrefu sana pale ndani na mwanawe aliyemchagua amsaidie. Foleni ikanuna kidogo, ikasubiri.

Msidhani ni mteremko. Novemba 2024 mwangalizi mmoja wa chama alisimama nyuma ya kiti changu karibu siku nzima, anaandika. Kila nikitazama kitambulisho anainama. Ningeweza kukasirika. Lakini nilikumbuka kijana mmoja wa Temeke, nikampa kiti akakataa.

Na msiniambie haya mambo ya bodi ya shule ni madogo, nyinyi ambao Juni 2023 mliona bodi yenu mliyoichagua ikawekwa pembeni na jimbo likateua ya kwake, na Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba Fort Worth nao ni zamu yao. Mnaokaa Katy, Cypress na Fort Bend, shikeni bili ya kodi ya nyumba mtafute mstari umeandikwa MUD. Hiyo ni wilaya ya maji, ina wakurugenzi watano, wanaweza kukopa kwa hati fungani na nyinyi mkalipa, na wanachaguliwa kwa kura ambazo mara nyingine zingetosha kuhesabiwa kwenye meza ya chakula. Tunabishana asilimia za nchi nzima na hatujui jina la mtu mmoja anayetoza maji yetu.

La mwisho ni la mwaka 2025. Tarehe 29 Oktoba, Jumatano, Tanzania walikuwa wanapiga kura. Tarehe ile ile ya Temeke, miaka thelathini kamili. Huku Texas ilikuwa wiki ya pili ya kura za mapema, maswali kumi na saba ya katiba, na mimi nilikuwa nimepangwa mezani. Simu hairuhusiwi ndani, niliiacha kwenye gari. Mchana nilipotoka kula nikafungua: dada yangu yuko Dar, ujumbe wangu wa asubuhi una tiki moja ya kijivu. Nikapiga, haiiti. Intaneti ilikuwa imezimwa. Wengine wenu mlikuwa mnanitumia vipande vya video, mnaniuliza nimesikia nini. Kuna amri ya kutotoka nje Dar, kuna risasi, kuna watu wameuawa. Nilikaa kwenye gari na sahani ya wali imepoa mapajani.

Muda wangu ukaisha. Nikaizima simu nikarudi ndani, nikamkuta mzee mmoja wa Kimarekani kwenye kiti cha mbele ananisubiri, kofia mkononi. Nikamuuliza kama bado anakaa anwani ile ile. Akasema ndiyo, miaka arobaini. Nikampa karatasi. Jioni tulipofunga tukahesabu, waliosaini upande huu, karatasi zilizoingia kwenye mashine upande ule, jaji anasoma mimi naandika. Zikalingana. Jaji, ambaye chama chake na changu haviivi chungu kimoja, akaniuliza mbona mikono inatetemeka. Nikamwambia nyumbani kuna uchaguzi. Dada yangu alijibu baada ya siku kadhaa, wazima.

Fomu za maombi ya ukarani za Harris na za Fort Bend nimekuja nazo, ziko kwenye meza ile ya pembeni karibu na sambusa, na nakala za ile aya ya pili nimechapa nyingi, chukueni mweke mfukoni. Mwenye kadi ya kijani asichukue fomu, achukue sambusa na ampelekee fomu mwanawe. Mwenye swali aulize, nipo mpaka saa tatu, maana kesho naingia shifti ya asubuhi.